Mama Mikate na Matokeo ya Darasa la Saba

Ndugu, jamaa na majirani, mimi mdogo wake marehemu nasoma maneno yaliyoandikwa na binti yake wa kwanza, aliyeniomba nisome kwa kuwa yeye sauti humkauka mbele za watu.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Mikate, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, akasoma shule ya msingi kuanzia 1982 hadi 1988, mwaka uliofuata akaanza kazi ya kukanda unga kwenye duka la mikate, na tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa na fundi mwashi, aliyemjengea tanuri la udongo nyuma ya nyumba, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume.

Tarehe 17 Aprili 2011 mto ulifurika, maji yakafika usawa wa madirisha, marehemu akaacha vyombo vyote akabeba gunia la unga kichwani, kumbe lilikuwa limeshalowa, na tulipofika shuleni tulikojihifadhi watu wakamtania, “Mama Mikate, umetuletea uji!” naye akacheka, akaukoroga wote tukanywa. Tanuri lilibaki rundo la tope, mume wake akaenda mbali kutafuta vibarua.

Desemba mwaka huo matokeo ya darasa la saba yalitoka, na marehemu aliwaambia majirani kwamba binti yake huyo wa kwanza amefeli.

Tarehe 28 Mei mwaka huu, akiwa wodini, kifua kikimsumbua tangu mafuriko mengine ya 2019, alimshika binti huyo mkono akamwambia, “Siku ya kunizika, mwanangu, waambie ulifaulu. Niliona haya kusema sina cha kukupeleka.” Kwa hiyo, kwa agizo lake, tunawatangazia kwamba binti huyu alifaulu, akachaguliwa kwenda sekondari, na kilichomzuia ni mafuriko.

Marehemu alifariki tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopokezana kumwogesha, na wenzake wa kazi waliooka mikate ya msiba huu.

Ya mwisho nasoma kama binti alivyoandika: Mama, sikukuchukia hata siku moja. Wameshaambiwa wote, usione haya tena. Pumzika kwa amani.