Danieli Kalinga na Koti Lake la Sufu (1921–1978)

Mzee wetu Danieli Kalinga, tunayemsindikiza leo hapa Iringa, alizaliwa tarehe 14 Juni 1921 katika kijiji cha Kalenga, mtoto wa kwanza wa Mzee Kalinga na Mama Regina. Alibatizwa mwaka huohuo. Mama yake alisimulia kwamba alipovikwa nguo ya ubatizo alishika ukingo wake na kuutia mdomoni, na waliomfahamu baadaye walisema alikuwa anaukagua.

Alisoma shule ya misheni Tosamaganga kuanzia mwaka 1932 hadi 1938. Alijua Kihehe cha nyumbani, Kiswahili cha shule na Kiingereza cha kutosha kusoma vibandiko vilivyoshonwa ndani ya nguo, ambavyo alivisoma maisha yake yote kwa makini.

Mwaka 1940 aliajiriwa idara ya barabara, karani wa stoo. Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua dukani shati la kung'aa, akalivaa Jumapili kwenda misa kwa miguu. Mvua ikamkuta njiani. Alipoingia kanisani mikono ya shati ilikuwa imepanda hadi kwenye viwiko, na kola imemkaba hata akashindwa kuimba. Wenzake walimhimiza amrudie mwenye duka akagombe. Alikataa. "Yeye ameuza," alisema, "lakini mimi ndiye niliyenunua bila kutazama." Tangu siku hiyo hakununua nguo kabla ya kuigeuza. Alisalimia vizuri, "Kamwene," kisha akaomba, "Nionyeshe ndani."

Tarehe 22 Novemba 1947, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Bibi Apolonia. Kwa ajili ya harusi alishonesha koti la sufu ya kijivu kwa Silvester, aliyekuwa fundi kijana pale Mlandege. Alimrudisha mezani mara tatu ili aache kitambaa cha ziada kwenye mishono. Silvester aliuliza kama bwana harusi anategemea kunenepa. Danieli akamjibu, "Nategemea kuishi."

Mwaka 1963 koti lilikuwa limechakaa mbele. Badala ya kununua jingine alimpelekea Silvester alifumue na kuligeuza, upande wa ndani uje nje. Likatoka jipya kabisa, isipokuwa mfuko wa kifuani ulihamia kulia. Ofisini walimtania, "Kalinga, koti lako linaandika kwa mkono wa kushoto." Naye akawa anachomeka kalamu ya wino katika mfuko huohuo, kwa madaha. Alipenda kupendeza, na hakuona kwamba kupendeza kunahitaji nguo nyingi. Hata kazi ilipompeleka Ruaha Mbuyuni, kwenye joto la kuwakimbiza mbuzi kivulini, alilibeba begani.

Mwaka 1968, barabara kuu ilipokuwa ikijengwa, alihamishiwa Mbeya. Huko mwaka 1972, katika kikao cha wazazi, aliona watoto wameshonewa sare zenye pindo nyembamba kama unyasi. Mtoto akirefuka kidogo, sketi inatupwa. Wazazi waliwalaumu mafundi. Danieli alisimama akasema, "Fundi hushona kile tunachokubali kupokea. Tukipokea upindo mwembamba, tumemwambia ni sawa." Wakakubaliana kila mzazi adai upindo wa vidole vinne, na asiyepewa asichukue nguo.

Mafundi wa Mwanjelwa walinung'unika. "Mzee, unataka tuwashonee hawa mpaka waoe?"

"Mpaka dada ampe mdogo wake," alijibu.

Kufikia mwaka 1974 mafundi wenyewe ndio walioanza kuuliza, "Vidole vinne?" Sare moja ikavaliwa na watoto wawili, nyingine watatu.

Hakuwa mtu wa kukemea vijana. Gideoni, mwanawe, alipokuja likizo amevaa bugaluu, majirani walitegemea ugomvi. Baba aliizunguka suruali ile, akaipima chini kwa shubiri, akasema, "Mwanangu, humu chini umebeba kaptula mbili. Ukiichoka, nikumbuke." Gideoni aliichoka mwaka 1975. Viraka vya zambarau mnavyovijua, kwenye viwiko vya koti la mzee, vilitoka humo.

Alistaafu mwaka 1976 akarudi hapa Iringa, Mlandege. Mwezi Machi mwaka huu aliugua moyo, akalazwa hospitali hapa Iringa. Jambo moja tu lilimsumbua. Alijua desturi yetu ya kumzika mtu na vazi lake bora, akamwambia mdogo wake, Anania, "Msinizike na koti."

"Kaka, watu watasema tumekuvua siku ya mwisho."

"Shuka la kitandani linanitosha. Koti bado lina miaka mingi."

Anania hakukubali wala hakubisha. Tarehe 9 Julai, Jumapili asubuhi, Danieli alilala akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, mkewe amemshika mkono.

Jumatatu ukoo ulipokaa, Anania alifika na koti mkononi, amelipiga pasi. "Shemeji," alimwambia Bibi Apolonia, "huyu alikuwa mtu wa koti moja. Tukimnyima hilo, tumempa nini?"

Bibi Apolonia alijibu, "Shemeji, geuza uone ndani."

Anania akageuza. Ndani, kuanzia mabegani hadi chini, kulikuwa na mistari ya chaki na uzi mweupe wa bandi, umepita kwa kipimo cha mwili mdogo. Mwezi Mei, Silvester alipokwenda kumwona mgonjwa, Danieli alikuwa amemwita mjukuu wake Lea, mwenye miaka kumi na moja, akataka apimwe palepale kando ya kitanda. Anania alitazama uzi ule, akaanza kucheka, na watu wote matangani wakacheka naye. "Kaka amenishinda tena," alisema. Jana Silvester alilikata.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Apolonia. Watoto wawili, Juliana na Gideoni. Mkwe, Lutengano wa Mbeya. Mdogo wake, Anania. Na mjukuu mmoja, Lea, huyo aliyesimama pale mbele na koti la kijivu, mfuko wake uko kulia. Kwenye mikono ya koti Silvester ameacha upindo wa vidole vinne, maana mtoto bado anakua.

Danieli, lala kwa amani katika shuka lako jeupe. Bwana akupokee, na akutazame ndani.