Mwalimu Alisikia

Basi lilipokwama kwenye foleni, mama mmoja alimgeukia jirani yake kitini, aliyekuwa ametoka kuongea na simu. "Samahani, dada, sauti hiyo naijua. Si wewe uliyemfundisha mwanangu na wenzake kwa simu, shule zilipofungwa kwa korona?"

"Ni mimi, mama. Sauti ndiyo iliyonusurika."

Mama hakucheka. Swali lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki tangu wakati ule. "Siku niliyompiga mtoto kipindi kikiendelea, ulisikia?"

"Nilisikia. Nikazima sauti yenu."

"Mungu akubariki! Ulimsitiri mbele ya wenzake."

"Sikumsitiri, mama. Wanangu nao walikuwa wakilia chumba cha pili. Sikuweza kubeba kilio kingine."

Basi likafika kituoni. Mwalimu akashuka. Mama naye alipaswa kushukia hapo hapo, lakini hakuinuka.