Gordon Mawson na Albamu Iliyompita

Gordon Edwin Mawson alizaliwa tarehe 9 Novemba 1966 katika kisiwa cha Walney, ng'ambo ya daraja la mji wa Barrow, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Edwin Mawson, fundi mabomba wa kiwanda cha meli, na Doris, mpishi wa shule. Dada yake Enid, anayewasomea wasifu huu wa marehemu, alikuwa na miaka sita wakati huo. Anakumbuka kichanga aliyelia wiki nzima mpaka alipopewa kijiko akigonge kwenye kitanda chake. Tangu siku hiyo nyumba ile haikujua tena kimya.

Alisoma palepale kisiwani, akamaliza mwaka 1983 na alama za wastani, isipokuwa hesabu, ambazo hakuzipenda nazo hazikumpenda. Jambo kubwa alilolifanya shuleni halikuandikwa kwenye cheti. Siku za mvua, ambazo kwetu si chache, alikaa kwenye ngazi za nyuma akimfundisha gitaa rafiki yake Lenny Askew. Lenny alikuwa na sauti nzuri na vidole vigumu kama vijiti, lakini Gordon hakumkatia tamaa. Mwaka huohuo wakaanzisha bendi, wakaiita Biggar, jina la ufuko waliouona kila siku dirishani. Kwa miaka saba Gordon alipiga gitaa, akatunga nusu ya nyimbo, akaendesha gari na kulala ndani yake. Walitoa albamu mbili ambazo hazikusikika mbali.

Desemba 1989 baba yake alipatwa na kiharusi. Aprili iliyofuata mchumba wake Janice Relph, binti wa muuza magazeti, alimwambia kwamba ni mjamzito. Nafasi ya uchomeleaji ikapatikana kiwandani. Gordon akamwambia Lenny wakiwa barabarani, wakirudi kutoka Preston.

"Mimi nashuka hapa, Lenny."

"Unashuka kwenda wapi? Kesho tuna onyesho Leeds."

"Nakwenda kazini. Kazi ya kweli."

"Basi tutakusubiri, bwana."

"Msinisubiri. Bila mimi hamfiki Krismasi."

Neno hilo alilijutia kuliko maneno yote aliyowahi kusema. Krismasi walifika, na nyingine nyingi baada yake.

Gordon na Janice walifunga ndoa tarehe 15 Septemba 1990. Januari 1991 akazaliwa binti yao wa pekee, Heather. Gordon alikuwa mume mwema, hakuwahi kuchelewa nyumbani, na pai zake za nyama zilisifiwa hata na mama mkwe. Janice ameomba jambo moja liandikwe hapa bila kupambwa: mumewe alikuwa na wivu, na wivu huo waliishi nao watatu, kama mpangaji asiyehama.

Ulianza Oktoba 1993. Biggar walitoa albamu yao ya tatu, *Dirisha la Nyuma*, na kwenye gitaa alikuwa kijana wa Ulverston, Colin Pell. Kufikia Desemba ilikuwa juu ya orodha ya mauzo nchi nzima, ikakaa huko wiki tano. Ilipigwa kwenye duka la chipsi, kwa kinyozi na kwenye basi. Gordon aliacha kula chipsi, akaanza kunyolewa na Janice. Kiwandani hakuwa na pa kukimbilia.

"Gordon, wenzako namba moja wiki ya tatu," mchomeleaji mmoja alimtania kantini. "Wewe namba ngapi?"

"Namba mbili, na wewe ndiye umeniziba. Sogea nipate supu."

Watu walicheka, naye alicheka nao. Akifika nyumbani alisema Pell anapiga gitaa kama mtu anayejikuna upele. Kisha akaingia kwenye banda la bustanini, akafunga mlango. Janice alidhani anatengeneza baiskeli. Kumbe alikuwa na ile albamu kwenye kanda, akijifunza kila alichopiga Pell ili ajihakikishie kwamba ni chepesi. Nyimbo kumi kati ya kumi na moja aliziweza kabla ya Pasaka. Wimbo wa saba ulimshinda. Vidole vyake havikufika pale vya Pell vilipofika, hata alipojaribu mpaka ncha zikatoka damu. Kuona watu wengine wakipendwa badala yako ni kazi ngumu, lakini kugundua kwamba aliyeketi kitini pako anakuzidi, hiyo ndiyo iliyomkaa Gordon kooni kama mwiba wa samaki. Hakumwambia mtu.

Julai 1995 Biggar walirudi nyumbani kupiga kwenye uwanja wa mpira. Lenny alituma tiketi mbili na barua fupi. Gordon alimwambia mkewe amezitupa. Siku yenyewe akaaga kwamba anakwenda baa kucheza vishale, akaenda kusimama nyuma kabisa, kwenye mvua, kofia imemfika machoni. Katikati ya onyesho Lenny aliwanyamazisha wenzake.

"Wimbo huu ni wa aliyenifundisha kushika gitaa," alisema. "Gordon Mawson. Kama uko hapa, ndugu yangu, nyosha mkono nikuone."

Uwanja mzima uligeuka kutafuta. Bibi mmoja aliyesimama kando yake akamuuliza, "Gordon ndiye nani?"

"Simjui," alijibu Gordon.

Aliondoka kabla wimbo haujaisha. Lenny alisubiri salamu mwaka mzima, halafu akaacha kuandika. Miaka ishirini na minane ilipita watu hawa wawili hawajasemezana, ingawa mama zao walikaa mtaa mmoja.

Agosti 2023 madaktari waligundua saratani ya kongosho. Gordon aliacha kazi, akahamishia kitanda sebuleni. Hapo ndipo alipomsimulia Janice habari za uwanjani, na za wimbo wa saba. Janice alitegemea atamwita Lenny.

"Nitamwita," alisema. "Lakini kwanza niitie Pell."

Colin Pell alikuja Novemba, mtu mzima mwenye mvi, gitaa mgongoni. Walikuwa hawajawahi kukutana.

"Wimbo wa saba," Gordon alisema. "Unafikaje pale juu?"

Pell akalegeza uzi mmoja wa gitaa, akapiga. Vidole havikusogea hata nusu ya safari aliyoidhania Gordon.

"Umelegeza uzi," Gordon alisema polepole. "Miaka thelathini. Umelegeza uzi tu."

"Ningefanyaje? Walinipa kanda zako, wakaniambia piga kama Gordon. Kila nikipiga, Lenny anasema Gordon angefanya vile. Nikaona nitafute kitu ambacho wewe hukuwahi kukifanya. Nilikuchukia, bwana. Hata sikuwa nimekuona sura."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza."

Gordon aliomba gitaa. Mikono ilikuwa imekwisha nguvu, lakini aliupiga wimbo wa saba mara moja, polepole, mpaka mwisho. Pell alipoondoka, Janice alimuuliza anajisikiaje. "Bado anapiga haraka mno," alisema Gordon, akageukia ukutani, na mabega yake yakatikisika. Janice hakujua kama ni kicheko au kilio.

Lenny alikuja wiki iliyofuata na kila wiki baada ya hapo. Waliyoongea ni yao. Gordon alifariki nyumbani asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Machi 2024, akiwa na miaka hamsini na saba, mkewe na binti yake wakimshika mikono.

Ameacha mjane Janice, binti Heather na mumewe Rhodri, mjukuu Elsie mwenye miaka minne, dada Enid, rafiki Lenny Askew, na mbwa aitwaye Pilipili. Januari, orodha hii ilipokuwa ikiandikwa kitandani kwake, marehemu aliamuru liongezwe jina la Colin Pell. Akataka liwe la mwisho, baada ya mbwa. Kisha akafikiri kidogo, akasema, "Basi, mtangulizeni yeye, mbwa afuate."

Ameacha pia Colin Pell, na mbwa.

Mungu ampokee Gordon wetu, ampe raha aliyoichelewesha mwenyewe.