"Peace" ya Amani na "Piece" ya Kipande

Benchi letu liko kati ya kibanda cha Kinyozi na karakana ya Mchonga Mawe. Jana jioni kahawa ilikuwa bado ya moto Mchonga alipotoka na patasi mkononi. Mwenzetu wa siku nyingi, Mlinzi, tulimzika mwezi uliopita. Mkewe ameagiza jiwe la kaburi, na anataka liandikwe kwa Kiingereza: "Rest in peace". Mchonga akakwama kwenye neno la mwisho.

— Kuna "peace" na kuna "piece", zote zinatamkwa sawa. Jiwe halifutiki, jamani. Nichonge ipi?

— "Piece", akasema Fundi Nguo. Kwenye vitambaa vyangu wanaandika hivyo.

— Hicho ni kipande, akasema Kinyozi. Yule tulimzika mzima, jeneza nililibeba mwenyewe.

— Kipande cha ardhi, bwana, akashikilia Fundi Nguo. Pumzika kwenye kipande chako.

Nikaingia na mimi:

— Labda inategemea uwezo. Tajiri anaandikiwa amani, sisi wengine kipande.

— Alinyimwa vingi akiwa hai, akasema Kinyozi. Hicho kipande hakiandikwi nikiwa hapa.

Mjane akatokea tukiwa hapohapo.

— Karibu shemeji, Kinyozi akampisha.

Hakukaa.

— Mwenzenu alikuwa akitoka masomo ya jioni anapita hapa kuwasomea. Aliniambia neno hilo amewafundisha. Nani analikumbuka?

Fundi Nguo akainamia kikombe chake.

Mchonga akaweka patasi chini.

— Sigongi mpaka nijue.

— Mwalimu wake bado anafundisha? Kinyozi akauliza.

— Saa hizi yuko darasani, shemeji akasema.

Kinyozi akafunga kibanda. Tukaongozana wote, shemeji mbele, mpaka kwenye mlango wa darasa. Wanafunzi watu wazima wakageuka kututazama. Mwalimu alitusikiliza, akaandika ubaoni "peace".

— Hii ndiyo amani. Ile nyingine kweli ni kipande.

Mchonga akainakili herufi kwa herufi, akaikagua, akaikagua tena. Mwalimu akatuangalia mmoja mmoja.

— Mlinzi alikuwa akiniambia ana darasa lake kijiweni. Ndio ninyi?

Shemeji naye alikuwa anasubiri jibu.

— Ndio sisi, akasema Kinyozi.

Hakuna aliyembishia.