Pamba ya Kambo

Basi la milimani lilikuwa halijatoka Rongjiang, na Peilan alikwisha kumfunga mwanawe kifuani mara tatu kwa mbeleko mpya. Mara zote tatu mguu ulichomoza palipotakiwa kichwa. Mtoto, wa miaka miwili, akaangua kilio.

"Mwanangu," akasema bibi wa kiti cha pili, "unabeba mtoto au unaficha boga la wizi? Mbeleko ni ya mgongoni!"

"Karatasi ya dukani imesema kifuani, bibi. Nimeinunua Guangzhou. Pamba asilia, imefumwa kwa mkono."

"Pamba asilia! Kwani kuna pamba ya kambo?"

Abiria wakacheka, na dereva pia, ambaye hakuna aliyemwuliza.

"Sisi Wadong mbeleko huletwa na mama mzaa mama. Mama yako yu hai?"

"Yupo."

"Mikono anayo?"

"Anayo. Alitaka kunifumia, nikamwambia aachane na mambo ya kizamani."

"Ukaenda kuyanunua mjini!"

Njia nzima bibi hakumpa nafasi ya kupumua. Mwishowe akavuta pindo la mbeleko, akalisogeza machoni. Katika kitambaa chake cha bluu ulipita uzi mmoja mwekundu, ukaishia kwa mafundo mawili.

"Mafundo haya hufungwa na wanawake wa kijiji cha Dangniu peke yao," akasema taratibu. "Na wewe, kwa mama yako, unashukia wapi?"

Peilan akajitia kumfuta mtoto kamasi ambazo hazikuwepo.

Dereva akakanyaga breki. "Dangniu! Wa Dangniu tushuke!"