Kipulizio Alichokinyoosha Rula

Krii. Krii. Kimya. Halafu tena, krii.

Hiyo, wasikilizaji wapendwa, ni tupa ndogo ikila mpira mgumu mweusi. Tuliirekodi juzi katika karakana ya ndugu wawili: chumba kimoja, dirisha moja, meza mbili zinazotazamana. Meza moja haina mtu. Leo tunamkumbuka mwenye meza hiyo, fundi Dole, aliyetengeneza vipulizio vya saksafoni kwa mkono kwa miaka ishirini na sita. Kipulizio ni kile kipande cha juu anachokitia mpigaji mdomoni. Ni kidogo, lakini sauti yote huzaliwa humo.

Anayepiga tupa hiyo ni kaka yake. Watu humwita Rula. Ndiye aliyemfundisha Dole kazi. Na ndiye, kwa kauli yake mwenyewe, aliyemwonea wivu mpaka siku ya kumzika.

Kazi zao ungezitofautisha umefumba macho. Kipulizio cha Rula kilikuwa chembamba ndani, kimeng'arishwa hadi unajiona uso, na ukivipanga mia vyote ni pacha. Sauti yake kali, imenyooka. Cha Dole kilikuwa kipana kooni, na ndani kilikuwa na michirizi ya tupa aliyoiacha makusudi. Hakuna viwili vilivyofanana. Sauti yake nene, ina pumzi, kama mtu anayekusimulia jambo lake.

Rula alipima kwa kipimo cha chuma. Dole alipima kwa dole gumba. Kabla hajagusa tupa, alimpa mteja gazeti alisome kwa sauti, yeye akimtazama meno na midomo. Rula akamtania, "Unamtengenezea kipulizio au unamposa?" Wateja walicheka. Wakimaliza kucheka, wanakwenda meza ya Dole. Hapo ndipo palipomuuma kaka mtu. Mwanafunzi kampita mwalimu, tena bila kipimo. Mjane wa Dole anasema shemeji yake akisikia saksafoni inalia vizuri mahali, lazima aulize kipulizio ni cha nani. Akiambiwa cha Dole, siku hiyo chakula hakimpiti kooni.

Sasa sikilizeni. Miaka miwili iliyopita Dole alilazwa hospitali. Mpigaji mmoja wa bendi ya dansi, mwenye jino la mbele lililopinda, akaleta kipulizio cha Dole. Alitaka kisafishwe tu. Rula akakipima. Zile kingo mbili zinazobeba ulimi wa tete, kile kibanzi chembamba kinachotoa mlio, hazikulingana. Ukingo mmoja ulikuwa chini kwa unene wa unywele.

Rula alifurahi, wasikilizaji wapendwa. Alifurahi kama aliyemfuma mwizi dirishani. Akashika tupa. Mara tatu tu, kingo zikawa sawa.

Na kipulizio kikafa. Ukingo ule Dole aliushusha kwa makusudi, ufuate jino la mtu yule. Kwenye kipimo kilikuwa sahihi, mdomoni kikawa jiwe. Mpigaji aliaibika ukumbini, na Dole alipotoka hospitali akamrudishia huku anafoka. Dole akapitisha dole gumba juu ya ukingo, mara moja. Alijua. Tupa ya kaka yake aliitambua kama mwandiko. Akamtazama Rula, kisha akamgeukia mpigaji.

"Niwie radhi, bwana. Mkono wangu umeanza kuchoka."

Maneno hayana miguu, lakini hutembea. Dole kwisha kazi, mkono unatetemeka. Wateja wakahamia meza ya pili, na Rula akawapokea. Miaka miwili. Tulimuuliza mbona alinyamaza.

"Angenifokea, ningetubu," alisema. "Akanifichia. Basi nikazidi kumwonea wivu. Hata moyo alinizidi."

Fundi Dole alifariki Jumanne, kwa maradhi ya mapafu. Ameacha mjane na mabinti wawili. Kwenu nyote wa nyumba ile, pole nyingi kutoka kwetu sote hapa studio, na Mungu awape subira. Nawe unayetusikiliza, jiulize leo: sifa unayoivaa, ni yako? Na kama ni ya mwenzio, anaijua njia ya kuidai?

Maneno haya ya Rula tuliyasikia kule karakanani pamoja na mjane. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe, na hakuwahi kuambiwa. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo mkono wake haukuchoka? Miaka miwili mume wangu alitembea mkono mfukoni, shemeji. Hata kusalimia watu aliona haya."

Rula akaweka tupa mezani.

"Shemeji, bendi ile inapiga Jumamosi. Nitapanda jukwaani kabla hawajaanza, na nitasema mbele ya ukumbi mzima kwamba kipulizio kile nilikiua mimi."