Siku ya Mwisho ya Kurudisha Deki

Aliyekisimulia kisa hiki kwanza ni Bibi Kahawa mwenyewe, mwaka ule mtaa ulipochimbwa kupitisha mabomba ya maji, akiwa amekaa jikoni kwa dada wa Gundi, fundi viatu, kesho yake baada ya kutokea. Kijiwe ni benchi refu mbele ya duka la kinyozi, upande mmoja limewekewa matofali kwa sababu mguu ulivunjika, na mbele yake mtaro umeachwa wazi, hivyo kila anayekuja kukaa huruka kwanza. Mwisho wa benchi, penye kivuli cha bati, Gundi hushona viatu. Kinyozi wanamwita Hakimu, kwa kuwa hajapata kusikia ugomvi asiutolee hukumu. Umeme ni fundi wa nyaya za majumbani, ingawa nyumba nyingi huzitengeneza kwa mdomo palepale kijiweni. Bibi Kahawa ana jiko lake la mkaa, birika lake na ndoo ya kuoshea vikombe. Alasiri ile, katikati ya benchi, mahali pa mtu mmoja, ilikaa deki ya kaseti.

Ilikuwa deki iliyokwisha kutumika, nyeusi, nzito, na Gundi aliinunua mjini kwenye duka la vyombo vya muziki vya aina hiyo. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kuirudisha. Duka liliambiwa ina hitilafu, likasema litatuma mtu na kigari aje kuichukua, na Hakimu alikuwa ameiinua risiti mbele ya macho yake kama karatasi ya kesi.

— "Mali ikirudi nzima, duka litakata sehemu ya bei kuwa ada ya kuirudisha rafuni. Mali yenye hitilafu iliyothibitishwa haikatwi kitu."

— Ada ya kuirudisha wapi? aliuliza Umeme.

— Rafuni.

— Rafu si ileile ilikotoka?

— Ileile.

— Na mashine ni hiihii?

— Hiihii.

— Sasa anayelipwa nani? Mkono?

Gundi alicheka puani, akaendelea kuvuta uzi kwenye soli.

— Wewe unadhani kurudisha ni kuweka tu, alisema Hakimu. Kuna mtu kazi yake ni kusikiliza. Anajifungia na mashine, anaipima ulivyoitesa. Kama mimi hapa: kichwa kikikaa kitini tu, najua kilipita kwa kinyozi gani na alikuwa na haraka gani.

— Kusikiliza hakutoshi. Mashine ikilala kwako imeshazoea umeme wako. Umeme wa kila nyumba una tabia yake, kaka. Wa kwa Gundi unakuja kwa kusuasua. Wakiirudisha kule, lazima waiachishe.

— Waiachishe kama mtoto ziwa?

— Kama mtoto ziwa. Inakaa bila kuchomekwa, inalia weee, mpaka inanyamaza.

— Kahawa zenu zinapoa, alisema Bibi Kahawa.

— Ngoja Bibi, hilo dogo, alisema Hakimu, akaweka risiti gotini. Kubwa ni maneno. Chombo chenye spika ni chombo chenye sikio. Umegombana na mkeo, kimesikia. Umesema uongo kwa mwenye nyumba, kimesikia. Duka haliwezi kumuuzia mtu mwingine siri zako. Kwa hiyo limeajiri mtu wa kuyatoa hayo maneno, moja moja, na huyo mtu hana ndugu hata mmoja.

— Hana ndugu kwa nini?

— Akiwa nao si atawahadithia?

— Hapo umeua, alikiri Umeme. Lakini mimi naona mbali zaidi. Duka lile haliuzi mashine. Linauza kurudisha. Deki hii inatoka, inarudi, wanakata. Inatoka tena, inarudi, wanakata. Wamekula bei yake mara ngapi, na yenyewe bado ipo! Itazameni. Inajua njia. Mkiiacha peke yake itaruka mtaro.

Wote waliitazama. Hata Gundi aliitazama, sindano ikiwa hewani.

— Kwa hiyo, mdogo wangu, alisema Hakimu, mtu wa duka akifika, wewe nyamaza. Nitasema mimi. Ina hitilafu, na tutaithibitisha mbele yake. Umeme, vuta waya.

Umeme aliingia kwa kinyozi, akatoka na waya mrefu wa kuunganishia, akachomeka deki pamoja na spika moja ya mbao. Hakimu alitia kaseti ya muziki, wimbo ambao kila mtu pale aliujua kwa moyo. Ulitoka kwa kujikokota. Mwimbaji aliimba kama mtu aliyeamshwa usingizini, na gitaa likawa linamfuata kwa magongo.

— Mnasikia? Hakimu alipiga paja. Imechoka! Inatembea polepole. Ushahidi umekamilika, hapa hakatwi mtu.

Walifurahi, wakagonganisha vikombe. Gundi hakufurahi. Ada haikuwa ikimuumiza. Deki aliinunua kwa sababu ya kaseti nyingine, iliyokuwa kwenye mfuko wa shati lake tangu siku ile, na sasa deki inaondoka bila kuigusa.

Kaseti hiyo ilikuwa ya mama yake. Alijirekodi kwenye redio ya mkononi, amtumie kaka yake aliyekuwa safarini, na hakuwahi kuituma. Alifariki Gundi akiwa bado anabebwa. Gundi hakuwa na kumbukumbu yoyote ya sauti yake isipokuwa ile ya kwenye mkanda, na kwenye mkanda mama alisikika kama kifaranga: sauti nyembamba, ya juu, maneno yakikimbizana hata usiyashike. Walijaribu kwenye redio ya jirani, wakajaribu kwenye ya mjomba, kifaranga ni kilekile. Watoto wa ukoo walimwiga bibi yao kwa kubana pua, na wakubwa nao wakacheka. Aliyekuwa hacheki ni dada mkubwa wa Gundi. Kila mara alisema maneno matatu, "Huyo si mama," kisha akatoka chumbani. Ndugu waliona ni uchungu unamsumbua. Gundi aliwaza kuwa labda redio zote zile zilikuwa duni, na akipata mashine ya maana atamsikia mama vizuri, kabla mkanda haujaoza. Akanunua mashine ya maana. Ndiyo hiyo, inajikokota.

— Na kaseti ya mama yako uliitia humo? aliuliza Bibi Kahawa. Aliuliza polepole, huku akipuliza makaa.

— Sikuthubutu, Bibi. Mashine mbovu inatafuna mkanda. Ikiutafuna ule, sina mwingine.

— Huu wa muziki imeutafuna?

— Hapana.

— Jana?

— Hata jana.

— Basi inakwenda polepole tu, haing'ati, alisema Umeme. Lakini acha, ndugu yangu. Usiongeze msiba.

Gundi alifuta gundi vidoleni kwa kitambaa, kidole kwa kidole, mpaka vikakauka kabisa. Aliitoa kaseti mfukoni. Aliitia mwenyewe, akabonyeza, akauacha mkono wake juu ya kitufe cha kusimamisha, tayari.

Kwanza ulitoka mchakacho wa mkanda. Kisha mwanamke akavuta pumzi.

— Kaka, shikamoo. Natumaini barua yangu ulipata.

Ilikuwa sauti nzito. Si nzito ya kiume. Nzito ya mtu asiye na haraka, yenye mkwaruzo kidogo chini, kama ya mtu aliyemaliza kucheka sasa hivi. Kila neno lilisimama mahali pake. Mkono wa Gundi uliondoka kwenye kitufe, na yeye hakujua umeondoka saa ngapi.

— Sisi wazima. Naongea chinichini maana huyu mpwa wako nimembeba, ameninyonga shingo, hataki niongee na mwingine. Mwone! Ananiziba mdomo.

Hapo mtoto aliguna karibu kabisa na redio. Hakimu alimtazama Gundi, akavua kofia.

— Nyamaza baba, alisema mama. Nyamaza, naongea na mjomba wako. Halafu, ghafla, akapaza sauti upande mwingine, kama kupitia dirishani: — We jirani! Jirani wee! Chungu chako kinafurika!

Bibi Kahawa aliruka. Alilikwapua birika lake kutoka kwenye jiko la mkaa kwa mkono mtupu, bila kitambaa, akabaki amesimama nalo, kahawa ikitulia ndani, haikuwa imefurika hata kidogo.

— Nimeepua! alijibu. Nimeepua, mama!

Kwenye mkanda mwanamke mwingine, kijana, aliitika kwa mbali, "Nimeepua!", na mama wa Gundi akacheka kwa sauti ileile yenye mkwaruzo, akasema, kaka, unamsikia huyo, ataunguza mtaa mzima. Bibi Kahawa aliliweka birika chini ya benchi kama kitu cha kuvunjika. Kiganja kilikuwa kimeungua. Hakukitazama.

— Ndiye, alisema. Gundi, mwanangu, ndiye. Hivyohivyo. Alikuwa akiniita hivyohivyo, tulipokuwa majirani.

— Lakini Bibi, hujapata kuisikia kaseti hii?

— Niliambiwa imeharibika, ina ndege ndani. Ningekuja kusikiliza ndege?

Umeme alikuwa amechuchumaa mbele ya deki, hakuigusa. Alipozungumza alizungumza kwa kunong'ona, kama aliyeingia mahali pa ibada.

— Redio yake ilikuwa ya betri.

— Ilikuwa ya betri, alisema Bibi Kahawa. Na betri tulikuwa tunazianika juani.

— Basi zilikuwa zinakata roho siku hiyo. Redio ikarekodi polepole. Ukiutia mkanda huo kwenye mashine nzima, nzima inakimbia, mama anakuwa kifaranga. Hii hapa imechoka. Imechoka kiasi kilekile ilichochoka redio yake. Alitikisa kichwa. Zimekutana. Dunia nzima hii, na deki zote zilizomo, mchoko na mchoko imekutana kwenye benchi.

Hakimu alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Mama aliendelea kutaja watu wa nyumbani, mmoja mmoja na hali yake, na alipomtaja binti yake mkubwa alisema, "Huyu ananisaidia kama mtu mzima, masikini, nikimtazama nasahau ni mtoto." Gundi aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Alimfikiria dada yake, miaka yote ile akitoka chumbani peke yake.

Ndipo kigari kilipogonga ukingo wa mtaro. Mwanamke wa makamo mwenye koti la duka alikiacha ng'ambo, akaruka, akatoa kalamu sikioni.

— Habari za hapa. Nimekuja kuchukua deki iliyonunuliwa na fundi viatu. Ndiyo hii?

— Ndiyo hii, alisema Gundi.

— Sawa. Nimeambiwa mnadai ina hitilafu, msikatwe ada. Niandike hitilafu yake ni nini?

Hakimu, aliyekuwa na hotuba nzima tayari, alifungua mdomo. Aliufunga. Alimtazama Umeme. Umeme alitazama chini. Kwenye spika mama alikuwa akimwambia kaka yake aje salama, na mtoto ameshalala sasa, ndiyo maana ameanza kuongea vizuri.

— Jamani, alisema mwanamke wa duka, nauliza tu. Ina nini?

Alingoja. Kisha naye akaanza kusikiliza. Kalamu ilishuka taratibu mpaka ikalala pajani, akaketi kwenye ukingo wa benchi, upande wa matofali, mpaka mkanda ukaisha wenyewe na kitufe kikaruka. Alisimama, akavuta kigari chake kikiwa kitupu, na hakurudia swali.

Gundi yupo, na bado anashona. Dada yake yupo. Jioni ileile aliisikiliza kaseti akiwa amesimama, na safari hii hakutoka chumbani. Umeme alihamia mbali, lakini salamu zake hufika. Hakimu ametangulia, na Bibi Kahawa alimfuata mwaka uliofuata. Mwanamke wa duka hatukupata kulijua jina lake, wala kama yuko hai.